Mhesabu Kwelea

2 Mei

Nimepata kazi, na kazi yenyewe ni kuhesabu ndege. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. "Miaka kumi na tisa umehesabu magunia ghalani, leo unahesabu ndege! Magunia angalau yalikuwa hayaruki." Mumewe hakucheka. Shemeji ndiye msimamizi wa mradi wa mpunga na ndiye aliyenitafutia kibarua hiki, kwa hiyo aliniambia jambo moja tu: nisimwaibishe. Tangu ghala lifungwe nalala chumba cha uani kwao, nakula mezani kwao, na sabuni ninayoogea ni yao. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, lakini mimi kwa sasa naomba tu nisife njaa.

Nimekabidhiwa darubini yenye kioo kimoja kilichopasuka, bunda la fomu, na fremu ya waya yenye upana wa sinia. Kwelea wanalala kwenye matete ya bwawa la chini. Alfajiri wanatoka kwenda kula mpunga wetu, jioni wanarudi. Mimi nakaa kwenye tuta, nashika fremu mbele ya uso, nahesabu walio ndani yake, nazidisha. Wakizidi laki mbili, helikopta inakuja kuwamwagia dawa. Basi, hiyo ndiyo kazi.

5 Mei

Wavunaji wametua, malori mawili. Ni watu wa milimani, wanakuja kila msimu na mundu zao na maturubai yao, wanavuna, wanaondoka. Hapa bondeni kila mtu anawaita kwelea. Dada aliposikia malori alisema, "Haya, wewe mhesabu, wenzako wameshafika." Nilicheka sana, nikamwambia wale sitawaweka kwenye fomu, shemeji asije akawamwagia dawa.

Wamepiga kambi ng'ambo ya mfereji, mita mia tatu hivi kutoka kwenye matete.

6 Mei

Ndege elfu sitini. Jua kali. Shingo inauma.

9 Mei

Mahali pangu kwenye tuta pana mwenyewe. Nilipofika nimemkuta mama mmoja wa kambini amekaa juu ya jiwe langu ananoa mundu, kofia ya kapelo kaigeuza nyuma mbele. Ana miaka kama yangu, hamsini na ushei. Sikumsalimia kwanza, nilitaka aone kwamba amekalia kazi ya watu.

"Hujambo baba. Hiyo waya unamtegea nani?"

"Sitegi. Nahesabu."

"Unahesabu hewa?"

"Ndege."

"Ukishawahesabu, unawapeleka wapi?"

Niliinua fremu usoni. Alisogea kidogo, akakunjua mkeka wake ili na mimi nipate pa kukaa. Aliendelea kunoa na kuimba kwa pua. Hesabu yangu ya leo siiamini.

12 Mei

Wanakula kwelea. Nimeona kwa macho yangu: wametega nyavu kwenye vichaka, wamenasa kama mia, wamewachoma kwenye vijiti. Mama Kapelo akaniletea wawili kwenye jani. Nikamwambia nimeshiba. "Umeshiba hewa uliyohesabu," akasema, akawala yeye, na mifupa yake.

Hapa bondeni mtoto akianza kutembea anafundishwa mambo mawili: usichezee mfereji, usiokote ndege wa matete. Hiyo ni kwa sababu ya dawa. Huko kwao hakuna mradi wala helikopta, ndege kwao ni kitoweo tu. Nilisikia kinyaa, na sioni aibu kuliandika.

15 Mei

Mama Kapelo ana binti, miaka kama ishirini, ambaye mimi namwita Kicheko kwa sababu hawezi kusema sentensi nzima bila kukatika kwa kucheka. Leo ameniomba darubini. Nikampa kwa shingo upande. Akawaelekezea kwelea, akaanza: "Mama, yule pale ni baba mdogo! Anakula huku anagombana! Na yule ni shangazi, angalia anavyojitengeneza!"

Nikamwambia kwelea ni kwelea, wote ni sura moja. Akanirudishia darubini, akasema, "Baba, hebu angalia tena."

Nimeangalia. Ni kweli hawafanani. Madume wana rangi usoni kama vinyago, na nilikuwa nimeandika "vinyago vyeusi" kwenye fomu tangu siku ya kwanza. Nimeona cheusi, nimeona cheupe, nimeona mmoja hana kinyago kabisa, ana vumbi la waridi tu kuzunguka mdomo. Kati ya kumi niliowatazama kwa makini, hakuna wawili niliowachanganya. Majike wengine mdomo mwekundu, wengine wa njano. Nimewatazama wiki mbili nzima bila kuwaona, na nilikuwa nalipwa kuwatazama.

18 Mei

Elfu tisini. Hakuna upepo.

21 Mei

Leo nimechunguza ndani ya matete badala ya juu yake. Si kwelea peke yao. Kuna minana waliojenga viota vyao upande wa maji. Kuna yangeyange kwenye mti uliokauka. Kuna mbayuwayu wanaofika wa mwisho na kujibanza chini kabisa. Sitaki kuwapaka ndege asali: wanadonoana, wanasukumana, na mmoja mwenye mguu uliopinda nimemwona akifukuzwa mara nne. Lakini giza likikaribia, naye anapata ubua wake. Hakuna anayebaki nje.

Wakati wa chakula nikawaeleza. Shemeji akasema, "Ndege wa rangi moja huruka pamoja. Hiyo ni methali, haihitaji darubini."

Nikamwambia methali hiyo aliyeitunga hakukaa kwenye tuta letu. Dada akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kwenye fomu kuna sehemu ya "Aina nyingine za ndege". Ikijazwa, dawa hairuhusiwi mpaka aje mtaalamu. Shemeji ameniomba niiache wazi kwanza.

24 Mei

Jana baiskeli ya fundi pampu ilipotea. Kabla hata hajamaliza kulalamika, watu wameshasema ni kambini. "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," kila mmoja anairudia methali kama vile ameibuni yeye. Vijana wakaenda wakapekua maturubai, wakamwaga vyungu. Hawakukuta kitu. Baadaye baiskeli ikaonekana kwa shemeji yake fundi, aliyeiazima bila kusema. Hakuna aliyerudi kambini kuomba radhi.

Mimi pia sikwenda. Leo asubuhi Mama Kapelo alikuwa ananoa kama kawaida. "Mlipekua vizuri," akasema, "mmetukunjulia hata blanketi zilizokuwa hazijaanikwa." Nilisema mimi sikuwepo. "Ndiyo," akasema, "wewe ulikuwa unahesabu."

Nimeanza kuona vitu ambavyo nilikuwa navipita. Bomba la maji la kijiji wao hawaruhusiwi, wanakunywa mfereji. Zahanati inamtibu aliyemo kwenye daftari la kijiji, nao hawamo. Orodha ya vyandarua, ya chanjo, ya kila kitu, inatoka kwenye daftari lile lile. Wanakaa hapa miezi miwili kila mwaka na kwa karatasi hawajawahi kufika. Hakuna mtu mbaya aliyekaa akapanga hivyo. Ni desturi ya ofisi, na mimi karani wa miaka kumi na tisa naijua desturi hiyo kuliko wengi.

27 Mei

Laki moja na themanini elfu. Mawingu ya kwanza upande wa milimani. Kila mtu bondeni anatembea huku ameinua shingo.

28 Mei

Laki mbili na elfu kumi. Nilirudia mara tatu nikitumaini nimekosea. Kipaza sauti kimepita kijijini leo: funikeni visima, fungeni mifugo, asiokote mtu ndege. Hakikuvuka mfereji.

29 Mei, Ijumaa

Nitaandika kila kitu kama kilivyokuwa.

Shemeji alileta fomu mezani baada ya chakula cha mchana. Alikuwa amechoka, na mimi siwezi kusema ni mtu katili. Mpunga umeiva, mvua iko njiani, kwelea wanamaliza heka nne kwa siku, na wakubwa wanampigia simu kila saa. Aliweka kidole kwenye "Aina nyingine za ndege".

"Andika hakuna."

Nikaandika. Nilifikiria minana, nikafikiria yule mwenye mguu uliopinda, nikaandika.

Kidole kikashuka. "Watu walio ndani ya kilomita moja."

"Shemeji, kambi iko pale."

"Kambi si kaya. Daftari lina kaya ngapi upande ule?"

"Hakuna."

"Basi umejijibu mwenyewe."

"Lakini watu wapo. Wako arobaini na mmoja."

"Wewe uliwahesabu kwa ruhusa ya nani?" Halafu akashusha sauti. "Sikiliza, ndugu yangu. Tukiwatangazia, sheria inasema wahame siku tatu kabla na siku saba baada. Siku kumi! Watakwenda kwenye mradi wa wenzetu na hawatarudi. Mpunga atauvuna nani? Wewe? Dawa inamwagwa juu ya matete, siyo juu ya kambi. Mita mia tatu ni mbali. Upepo unavuma kwenda bwawani. Nani ataumia?"

Nikamtazama dada. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo na hakuinua macho. "Usimtie mwenzio matatani," alisema, kana kwamba anaongea na ule ungo. "Tuna watoto watatu shuleni."

Nikaandika hakuna. Nikaweka sahihi. Dawa ni Jumanne jioni. Shemeji alinipiga begani, akasema kuanzia msimu ujao ataniombea ajira ya kudumu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

30 Mei

Nilikaa na Mama Kapelo kwenye tuta. Sikusema.

31 Mei, Jumapili

Leo hawavuni. Nilikwenda nikijiambia nitasema. Mama Kapelo alinikaribisha mkekani, na nimekaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana. Nilikuwa na muda wa kusema neno hilo mara elfu.

Alinisimulia habari za Kicheko: kwamba alizaliwa hana sauti, hakulia siku nzima, wakadhani bubu. "Tukamwomba Mungu ampe sauti, Mungu akafungulia bomba akasahau kulifunga." Kicheko mwenyewe alikuwa anasuka nywele za shangazi yake, akacheka mpaka akaangusha kitana.

"Umekunja uso leo," Mama Kapelo akaniambia. "Umehesabu ukapungukiwa na mmoja?"

"Mvua inakuja," nikasema.

"Ikija tutakuwa tumemaliza. Sisi watu wa milimani tunaisikia magotini."

Ningesema: mama, Jumanne hameni, na Jumatano msiguse ndege. Maneno kumi hayafiki. Nilikuwa nayo mdomoni, nikamwona shemeji akilini, nikaiona sahani yangu mezani kwa dada, nikayameza. Nikasema naomba maji. Wakanipa ya mfereji, yaliyochemshwa na kupozwa.

1 Juni

Nimepima upepo mara tatu kwa leso. Unavuma kwenda bwawani. Dawa haitawafikia.

2 Juni

Helikopta ilikuja jua likizama, wakati kwelea wote wakiwa wameshalala. Nilisimama tutani, ndiyo kazi yangu. Ilipopita mara ya kwanza waliruka wote kwa pamoja na mbingu ikawa nyeusi. Nilidhani wataondoka. Wakazunguka, wakazunguka, kisha wakarudi matete yale yale, kwa sababu saa ile hawakuwa na pengine pa kulala. Ikapita mara ya pili.

Upepo haukugeuka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo. Nilirudi nyumbani nikala vizuri.

3 Juni, Jumatano

Nitaandika taratibu.

Asubuhi nilitakiwa kuhesabu mizoga. Nilianzia upande wa bwawa. Walikuwa wameelea, wamejaa kwenye mizizi, wamening'inia kwenye matete. Kwelea, minana, mbayuwayu. Yangeyange wanane chini ya mti wao. Wengine walikuwa bado wanapiga mbawa. Mwewe mmoja aliyekuja kuwala alikuwa amelala ubavuni, mdomo wazi. Niliweka fremu juu yao na kuhesabu, kwa sababu ndivyo fomu inavyotaka.

Kisha nikazunguka upande wa kambi. Huko hapakuwa na mzoga hata mmoja. Ardhi ilikuwa safi. Nilisimama pale nikifikiri labda upepo uliwaokoa wa upande huu. Nikaona majani yamekanyagwa, na alama za ndoo zilizowekwa chini.

Sijui nilivukaje mfereji. Mama Kapelo alikuwa ndiyo kwanza anatoka kwenye tuta na mundu zake, hata chai alikuwa hajanywa. Alikuwa na furaha.

"Baba, leo Mungu ametuangushia! Hatukutega hata wavu. Ndoo sita! Wenzangu wameshakula. Na wewe tumekuwekea."

Nikapiga kelele wateme. Nikasema ni sumu, ni dawa, wateme, watapike. Hawakunielewa kwanza. Mzee mmoja, baba mdogo wa Kicheko, yule aliyemfananisha na ndege, alikuwa amekaa anatokwa na mate, anayafuta kwa mkono, yanatoka tena. Kicheko alikuwa ameshika nguzo ya turubai. Jasho lilikuwa linamtiririka licha ya baridi ya asubuhi ile. Mboni zake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Aliniambia, "Baba, sioni vizuri," akajaribu kucheka.

Walioweza kutembea walitembea. Kumi na moja tuliwapakia kwenye trela la trekta. Dereva alikataa mpaka nikamwambia shemeji ameamuru, uongo wa kwanza nilioutamka kwa faida ya mtu. Kicheko nilimlaza mapajani, mama yake ameshika miguu. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayenyonya maji kwenye kitambaa. Kabla ya daraja la mfereji aliacha. Mama yake aliendelea kumsugua miguu mpaka zahanati.

Muuguzi alitoka na daftari, kwa mazoea. Alipoona trela alilitupa chini. Namshukuru kwa hilo. Alikuwa na sindano saba za dawa ya kuondoa sumu, akawachoma watu saba. Baba mdogo alikufa saa nne. Shangazi, yule aliyesukwa nywele Jumapili, alikufa adhuhuri.

Mama Kapelo hakulia. Alimuuliza muuguzi, "Hawa ndege walikuwa na ugonjwa gani?" Muuguzi akanitazama mimi. Nilitoka nje.

4 Juni

Kamati ya kijiji imesema makaburi ni ya waliomo kwenye daftari. Tumewazika nyuma ya tuta. Nilikwenda na jembe. Hakuna aliyenikaribisha wala kunifukuza, nikachimba. Udongo wa mpunga ni mzito, unashika jembe. Mama Kapelo alisimama pembeni na ile mundu mkononi, sijui kwa nini alikuja nayo, labda mkono umezoea.

Bondeni watu wanasema, "Ndiyo matokeo ya kula ovyo." Nimemsikia hata dada.

5 Juni

Kesho anakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Shemeji alinifuata chumbani kwangu. Kwa mara ya kwanza alikaa kitandani kwangu, akaongea kama mtu anayeomba. Niseme tangazo lilifika kambini. Niseme walipuuza. "Watu wenyewe hata husikii wanachosema, nani atabisha?"

"Wanasema Kiswahili kama mimi na wewe."

"Unajua ninachomaanisha."

Dada alisimama mlangoni analia. "Kaka, waliokufa wamekufa. Maji yakimwagika hayazoleki. Wanangu wako hai."

Wanangu pia, kwa maana mimi ndiye mjomba wao, na nimewabeba wote watatu mgongoni. Nilimwambia nimesikia. Hakwenda kulala kwa amani, wala mimi.

6 Juni

Mkaguzi ni kijana mwenye miwani na sauti ndogo. Alikaa ofisini na fomu yangu mbele yake. Wavunaji wawili waliitwa wasikilize, Mama Kapelo mmojawapo. Alisimama ukutani, hakutaka kiti.

Shemeji alitangulia. Alisema tangazo lilifika. Alisema walipuuza. Alisema vizuri, bila kukwama.

Mkaguzi akanigeukia. "Mwandiko huu ni wako? Umeandika hakuna watu."

Nilisema ni wangu. Nilisema watu walikuwepo, arobaini na mmoja, nilikuwa nakaa nao kila siku. Nilisema kipaza sauti hakikuvuka mfereji. Nilisema nilijua tangu Ijumaa tarehe na saa, na nilijua wanakula ndege, na nilikaa mkekani kwao Jumapili kwa saa tano nzima nikaomba maji. Shemeji aliinamisha kichwa. Mkaguzi alikuwa anaandika, akaniomba nirudie hapo pa Jumapili. Nikarudia. Sikugeuka kutazama ukutani.

Niliporudi nyumbani sanduku langu lilikuwa nje ya mlango wa uani, limefungwa vizuri kwa kamba, na nguo zangu zimekunjwa. Dada amezikunja.

7 Juni

Mvua imeanza alfajiri. Mpunga umelala kwenye maji, heka kwa heka, na hakuna wa kuuvuna, maana wavunaji wameita malori. Shemeji amesimamishwa kazi. Mimi nimelala kwenye banda la fundi pampu.

Nilikwenda kambini. Walikuwa wanafunga maturubai yaliyolowa. Nilimsaidia Mama Kapelo kupandisha gunia la mundu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na nadhani nilikuwa nalitamani hilo. Hakufanya lolote. Akanishukuru kwa gunia, kama mtu anavyomshukuru mpita njia.

Nikamwambia, "Mama, nimemweleza mkaguzi kila kitu. Sikuficha."

"Nilikuwepo, nimesikia," akasema. Akafuta mvua usoni. "Lakini mdomo ulikuwa nao hata Jumapili."

Akapanda lori, akakaa akitazama mbele.